Koneksio moja, vifaa 16: maneno yetu kwa vijana wa Kama



Tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wengine wametoka machimbo asubuhi na hawajapumzika bado, na wengine wameacha meza zao sokoni. Hatukuleta hotuba ya wakubwa. Tunataka tuongee na ninyi juu ya jambo moja lenye linaonekana dogo: namna gani nyumba moja, ama parsele moja, inaweza kutumia koneksio moja ya intaneti kwa vifaa vingi, bila watu kugombana na bila makuta kupotea. Na tutawaambia kosa lenye sisi wenyewe tulifanya, ju ninyi musilirudie.

Kuna wenye watauliza: ninyi watu wa kudai haki, wifi inawahusu nini? Tunajibu hivi. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima. Ilirudi baada ya karibu wiki tatu, Januari 2019. Mwaka 2015, Januari, vijana walipoingia barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, walikata vilevile. Mwaka 2020 ikaja RAM, ile taksi ya telefone. Telefone ya 3G ao 4G ilihesabiwa dolari 7 kwa mwaka, na unite zilikatwa kidogo kidogo bila mtu kuulizwa. Vijana walipiga kelele mjini na vijijini, jambo likafika mpaka Bunge la taifa mwaka 2021, na mwanzo wa mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Sasa muangalie: wenye wanataka kutunyamazisha wanajua thamani ya intaneti. Wenye wanataka makuta yetu wanajua pia. Inabaki sisi wenyewe kuijua na kuitumia kwa akili.

Tena kuna mambo ya kila siku. Matokeo ya egzeta yanafika kwenye telefone kabla ya kufika shuleni. Habari ya barabara yenye imekatika, ya gari lenye limekwama kati ya hapa na Kindu, ya watu wenye silaha wenye wameonekana upande fulani, zinapita WhatsApp kwanza. Bei ya dhahabu na ya kasiterite, mchimbaji mwenye hana mega anaisikia kwa mdomo wa mnunuzi. Na mnunuzi atamuambia bei gani? Munajua jibu.

Basi tuanze.

Namna tulianza

Tulikuwa vijana 11. Kila mmoja alikuwa na telefone yake na kila mmoja alikuwa anajinunulia forfe yake, kidogo kidogo: leo mega za asubuhi, kesho mega za usiku. Siku moja tukakaa tukapiga hesabu kwenye kartasi. Kila mtu alikuwa anamaliza karibu dolari 1 kwa wiki. Watu 11, wiki 4: dolari 44 kwa mwezi. Na pamoja na hizo dolari 44, tarehe 20 ukimuomba mtu atume picha moja anakuambia: "Yaya, sina mega."

Munajua sababu. Forfe ndogo njo yenye iko ghali zaidi. Ni sawa na chumvi: mwenye ananunua kwa kijiko anailipa kuliko mwenye ananunua mfuko. Masikini analipa zaidi ju hana makuta ya kununua mfuko kwa mara moja.

Tukasema: tununue mfuko pamoja. Tulichangishana, tukatuma mtu Kindu, akarudi na ruta ndogo, ile yenye unaingiza kadi ya sim ndani. Tuliiweka juu, karibu na dirisha la nyumba yenye tunakutana, ju pale njo reseau inashika vizuri. Tuliunganisha telefone 11, ordinateri 3, tableti 1 ya dada yetu muuguzi, na mashini 1 ya kutoa kartasi. Vifaa 16 kwenye kadi moja ya sim.

Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Tutawaambia siku ya sita namna ilikuwa, lakini kwanza tueleze namna kitu hiki kinafanya kazi.

Ruta inafanya nini?

Watu wengi wanafikiri kila telefone inatoka yenyewe mpaka kwenye intaneti. Hapana. Ruta njo yenye inatoka. Huko nje wanaona adresi moja tu, ile ya ruta.

Fikiri motari mwenye anatoka Kindu na koli. Yeye hajui majina ya watoto wenu wote. Anajua parsele tu. Anafika kwenye mlango, anatoa mizigo kwa mama wa nyumba. Mama njo anajua: hii sabuni iliombwa na Yaya mkubwa, hizi batri ziliombwa na mdogo, hii dawa ni ya nyanya. Anajua ju aliandika wakati kila mmoja alipoomba. Ruta iko vile. Kila kifaa ndani ya nyumba kinapewa namba yake ya ndani, na mara nyingi namba hiyo inaanza na 192.168. Ukiomba picha, ruta inaandika: namba fulani imeomba. Picha ikifika, inajua ni ya nani. Kuna nyumba mamilioni duniani zenye zinatumia namba zilezile za ndani na hazigombani, ju namba hizo hazitoki nje ya parsele.

Sasa muelewe mambo mawili yenye watu wanachanganya.

La kwanza ni mbio. Tuseme ruta inapokea megabiti 8 kwa segonde. Biti 8 zinafanya okteti 1, kwa hiyo hiyo ni mega 1 kwa segonde. Picha ya mega 2, ukiwa peke yako, inafika kwa segonde 2. Watu 10 wakivuta picha kama ile wakati mmoja, kila mmoja atangojea karibu segonde 20. Hakuna mwenye ameiba. Ni bomba moja la maji na ndoo kumi.

La pili ni wingi. Hiyo ni giga zenye mumelipa. Bomba linaweza kuwa na mbio, lakini pipa likiisha, limeisha. Na kwa kadi ya sim pipa linaisha haraka, ju saa moja ya video yenye picha safi inaweza kula giga 1 na nusu mpaka giga 3. Kuongea kwa sauti kwenye WhatsApp, dakika moja haifike hata mega 1. Muone tofauti. Mtu mmoja mwenye anaangalia mpira usiku anaweza kumaliza mega zenye wengine wangeongea nazo mwezi mzima.

Kama hamuna ruta, telefone moja inaweza kufanya kazi hiyo. Muingie kwenye reglaje, mutafute partaji ya koneksio. Telefone nyingi zinakubali vifaa karibu 8 ao 10. Lakini inapata joto, batri yake inashuka mbio, na mwenye telefone akitoka, wote wanabaki gizani. Kwa nyumba ya watu watatu, inatosha. Kwa watu 11, hapana.

Siku ya sita

Tulinunua giga 30 za mwezi. Siku ya sita zikaisha.

Tulikaa kikao usiku uleule. Kila mtu anaangalia mwenzake. Na sisi, wenye tunasema kila siku kwamba mtu asihukumiwe bila ushahidi, tulifanya nini? Tulimuangalia mdogo wetu mmoja, mwenye umri mdogo kuliko wote, mwenye anapenda video za muziki. Tukasema: ni wewe. Akasema: si mimi. Tukasema: ni nani basi? Akalia. Tukamutoa kwenye grupu, tukabadilisha neno la siri, tukamuambia asirudi mpaka alete makuta ya giga 20.

Hakuleta. Angeyatoa wapi? Alirudi kusukuma mizigo sokoni.

Mwezi wa pili tukanunua tena giga 30. Yeye hakuwa nasi. Zikaisha siku ya nane.

Hapo njo tulipata akili ya kufungua ruta na kuangalia. Ruta nyingi ziko na ukurasa wake. Unaandika adresi yenye imeandikwa chini yake kwenye navigateri, unaona orodha ya vifaa vyote vyenye vimeingia. Sisi tulijua 16. Tulikuta 27. Majirani, marafiki ya majirani, na telefone zenye hata leo hatujui ni za nani. Neno la siri mmoja wetu alimpa shemeji yake, shemeji akampa mwenzake wa dukani, na dukani likaandikwa kwenye ukuta.

Na tukaona kitu kingine. Ordinateri moja, ile ya kuandikia matangazo yetu, ilikuwa inaachwa imewaka usiku. Ikiona wifi inafikiri ni ya bure. Inaanza kuvuta mizajuri, giga kwa giga, watu wakilala. Telefone tano nazo zilikuwa zinafanya vile, na zinatuma picha zote kwenye hifadhi ya intaneti bila mwenyewe kujua.

Mdogo wetu alikuwa amesema ukweli.

Tulienda kwao, sisi wote, mchana, watu wakituona. Tukaomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alituuliza neno moja: "Ninyi munaomba wakubwa watoe hesabu. Hesabu yenu iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Leo mdogo wetu njo mwenye anashika daftari ya ruta. Iko hapa mbele, mutaiona.

Mambo yenye tunafanya sasa

Tunawapa yale tulijifunza. Muchukue yenye yatawasaidia.

Kwanza, neno la siri. Liwe refu, herufi 8 njo kipimo cha chini cha ruta, lakini sisi tunaweka 14 na zaidi. Lisiwe jina la mtaa wala namba ya telefone. Katika ukurasa wa ruta muchague ulinzi wa WPA2 ao WPA3, na muzime ile WPS ya kubonyeza tu. Tena ruta iko na neno la siri la pili, lile la kuingia kwenye ukurasa wake. Likibaki lile la kiwandani, mwenye ameingia kwenye wifi anaweza kugeuka mwenye ruta. Mulibadilishe siku ya kwanza.

Pili, wageni. Ruta nyingi zinaweza kutoa wifi ya pili kwa wageni. Mgeni anapata intaneti lakini haoni ordinateri zenu wala mashini yenu ya kutoa kartasi. Jirani mwenye ana shida, mumpe ile. Neno lake la siri sisi tunalibadilisha kila Jumatatu.

Tatu, muzime vitu vyenye vinakula kwa siri. Kwenye ordinateri ya Windows kuna mahali pa kuiambia kwamba koneksio hii inalipiwa kwa kipimo. Ukiweka vile, inapunguza kuvuta mizajuri yenyewe. Kwenye telefone, muweke kupokea mizajuri kwa ruhusa tu. Kwenye WhatsApp, muzime kupakua video zenyewe. Mizajuri musiiache kabisa, ju inaziba matundu yenye wezi wanapitia. Sisi tunaifanya mara moja kwa mwezi, kifaa kimoja kimoja, siku yenye forfe inakaribia kufa na giga zimebaki.

Ine, mahali pa ruta. Wifi haipendi manjanja, haipendi ukuta wenye umelowa, haipendi pipa la maji. Iweke juu, katikati ya nyumba kama reseau inaruhusu. Ruta nyingi ziko na mawimbi mawili: 2.4 inaenda mbali na inapita ukuta vizuri zaidi; 5 iko na mbio lakini haiendi mbali. Mwenye yuko chumba kingine atumie 2.4.

Tano, kitu kimoja kivutwe mara moja tu. Zamani video moja ya mafunzo tulikuwa tunaivuta watu 11, mara 11. Sasa mtu mmoja anaivuta, wengine wanaipata kwa Bluetooth ao kwa wifi ya ndani, bila kugusa mega. Na kuna programu yenye jina Kiwix: unavuta Wikipedia mara moja, unaiweka kwenye ordinateri, na telefone zote za nyumba zinaisoma kupitia ruta hata intaneti ikiwa imekatika. Muisikie vizuri hii: ruta bila intaneti bado inaunganisha vifaa vya ndani. Wakikata huko Kinshasa, hapa ndani bado tunaweza kupeana mafunzo na matangazo.

Sita, daftari. Kila mchango unaandikwa. Kila jioni tunaandika giga zenye zimebaki. Kila mtu anaweza kuisoma. Tangu daftari ianze, hakuna mtu mwenye ameshutumiwa, na giga 30 zinafika tarehe 27 ao 28.

Kuran

Nyumba yenye tunakutana haina SNEL. Tuko na plaki ya jua. Muone hesabu ju hapa njo watu wengi wanaanguka.

Ruta yetu inakula karibu wati 10. Kwa saa 24, ni wati-saa 240. Batri ya volti 12 na amperi-saa 50 inabeba wati-saa 600, lakini ile ya risasi ukiimaliza kila siku inakufa haraka, kwa hiyo muhesabu nusu: 300. Plaki ya wati 100 ikipata saa 4 za jua nzuri inatoa karibu 400, toa kidogo zenye zinapotea njiani. Ruta peke yake inatosheka.

Lakini telefone moja inahitaji karibu wati-saa 15 ku-shaji. Telefone 16 ni 240. Ni kusema: tukishaji telefone nyingi vile, tumekula kiasi cha ruta nyingine nzima. Batri yetu ya kwanza ilikufa hivyo, na wakati wa mvua njo mbaya zaidi. Sasa telefone zinashajiwa mchana tu, jua likiwa juu. Usiku batri ni ya ruta na ya taa moja.

Siri na sheria

Vijana, musikie hapa vizuri. Mwenye anashika ruta anaweza kuona vifaa gani vimeingia, na mara nyingi anaweza kujua vimeenda kwenye mahali gani. Ujumbe wa WhatsApp hawezi kuusoma, ju umefungwa kutoka telefone mpaka telefone. Lakini anaweza kujua kwamba ulikuwa macho saa nane ya usiku. Kwa hiyo musiingie kwenye wifi yoyote yenye mumeona wazi, na kazi ya kushika ruta musimpe mtu mwenye mdomo mwepesi.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 31, inasema kila mtu ana haki ya siri ya mawasiliano yake. Hiyo haki haianzi Kinshasa tu. Inaanza hapa, kwa namna sisi wenyewe tunaheshimu telefone ya mwenzetu. Mume hana ruhusa ya kupeleleza bibi yake kwa sababu yeye njo alinunua ruta. Yaya mkubwa hana ruhusa ya kumpeleleza dada yake.

Si sisi tu

Musifikiri ni mambo ya wazungu. Katika ziwa Kivu, kwenye kisiwa cha Idjwi, mwaka 2016 walianzisha mtandao wa jamii wenye jina Pamoja Net. Walichukua koneksio, wakairusha kwenye kisiwa kwa antena, watu wakagawana. Idjwi iko Kongo hii hii. Kule Gulu, kaskazini ya Uganda, tangu 2007 kazi yenye jina BOSCO iliweka ordinateri za plaki ya jua na wifi kwenye kambi za watu wenye walikimbia vita. Kama watu wa kambi waliweza kugawana, sisi wenye tuko kwetu tutashindwa?

Wengine wanatuuliza juu ya Starlink. Mwezi wa Machi 2024, ARPTC, wenye wanasimamia mawasiliano, walisema haina ruhusa katika nchi yetu. Mwezi wa Mei 2025 walitangaza kwamba imepata ruhusa. Inashuka kutoka juu kwa satelite, haingojei pilone. Lakini muhesabu kuran: ile sahani ya kawaida inakula karibu wati 75 mpaka 100, ni kusema mara 8 ao 10 ya ruta yetu. Ile ndogo inakula wati 25 mpaka 40. Kwa familia moja ni mzigo. Kwa shule, kituo cha afya na parsele kumi wenye wanachangia pamoja na daftari, inaweza kufikiriwa. Musinunue kabla ya kuhesabu plaki na batri.

Yale tunaomba

Kujipanga sisi wenyewe hakuondoi deni la wakubwa. Kuna kazi yetu na kuna kazi yao.

Tunaomba kampuni za telefone ziandike wazi, kwa lugha yenye mama wa sokoni anaelewa, forfe inaisha lini na mega zinaenda wapi. Tunaomba pilone za Kama na za teritware ya Pangi zisizime kila mara mafuta yakikosekana. Tunaomba serikali iheshimu artikle ya 48 ya Katiba, yenye inasema juu ya haki ya maji na ya kuran. Na tunasema mapema, uchaguzi haujafika bado: intaneti isikatwe tena. Mtu mwenye anazima taa wakati wa kuhesabu kura, anaogopa nini?

Na kwa ninyi vijana, tunaleta neno moja la kuamua leo. Tunataka, wiki za egzeta, wifi yetu ya wageni ifunguliwe kwa wanafunzi wote wa mtaa, mchana, kwa masomo. Wengine kati yetu wanaogopa. Wanasema giga zitaisha siku ya sita kama zamani. Woga wao una sababu, hatuwezi kuwacheka. Lakini siku ya sita ile hatukukosa giga tu, tulikosa hesabu. Leo hesabu iko. Daftari iko pale mbele, na mwenye anaishika ni yule tulimfukuza. Mumuulize chochote. Muangalie makuta yenye yaliingia, giga zenye zilitoka. Kisha munyanyue mikono.

Kama hatuwezi kutoa hesabu ya giga 30 kwa mama mmoja wa Kama, tutamuomba gavana hesabu ya barabara ya Kindu kwa mdomo gani?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa ni zamu yenu ya kusema.